Kuuza dhahabu chakavu ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili wa kupata thamani yake halisi

Wanaoniuliza kuhusu kuuza dhahabu chakavu, wawe Mtwara mjini, Masasi au Lindi, karibu wote wanakwama mahali pamoja. Wanakusanya mkufu uliokatika, hereni moja iliyobaki baada ya mwenzake kupotea na pete isiyovalika tena, wanavifunga kwenye kitambaa kimoja, wanavipeleka dukani na kuuliza: "Hivi vyote shilingi ngapi?" Swali hilo ndilo linalowagharimu. Mnunuzi akiona mchanganyiko, anaukadiria kwa kile cha daraja la chini, na bei inashuka kabla mazungumzo hayajaanza.

Mkulima wa Newala hachanganyi korosho za daraja la kwanza na la pili kwenye gunia moja, maana anajua gunia zima litapewa bei ya la pili. Dhahabu nayo ni hivyo hivyo. Anachonunua sonara au kiwanda cha kusafisha madini ni gramu za dhahabu safi zilizomo ndani ya pete, urembo wake haumhusu. Mwongozo huu utakufikisha mahali ambapo unazijua gramu hizo wewe mwenyewe kabla ya kufungua mlango wa duka.

## Vitu vya kuandaa

Si vingi, na karibu vyote vinapatikana mjini:

- Mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haifai kabisa.
- Sirinji mpya ya mililita 10, ya kukagulia mizani.
- Sumaku yenye nguvu. Ile iliyomo nyuma ya spika mbovu inatosha.
- Lenzi ya kukuzia, ya mara 10 kama zile za masonara. Kamera ya simu nzuri inaweza kusaidia.
- Kikombe kidogo cha plastiki, maji safi na uzi mwembamba.
- Vifuko vidogo vya plastiki vya kufungia, kalamu isiyofutika na daftari.
- Sabuni ya maji na mswaki laini.
- Kitambulisho cha NIDA, na risiti ya zamani kama unayo.

Kama dhahabu ni ya mirathi, ongeza karatasi iliyosainiwa na warithi wote wanaohusika. Nimeona familia zikigombana miaka mingi kwa sababu ya bangili za bibi zilizouzwa na mtu mmoja. Mnunuzi makini naye atataka kujua mali imetoka wapi, kwa sababu akinunua kitu cha wizi anaingia matatizoni.

## Hatua ya 1: Ondoa visivyopaswa kuyeyushwa

Anza hapa, kwa sababu kosa la hatua hii halirekebishiki. Kitu kikishaingia kwenye kyungu cha kuyeyushia, hakirudi.

Kwanza ni sarafu. Pwani yetu hii, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, masanduku ya wazee bado yana sarafu za zamani. Rupia ya fedha ya wakati wa Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66 na fedha yake ni asilimia 91.7. Riale ya Maria Theresa ina gramu 28.07, na fedha ni asilimia 83.3. Kwa sonara hizo ni gramu za fedha tu, lakini wapo wakusanyaji wa sarafu wanaolipa zaidi ya thamani ya madini, hasa kwa iliyo safi na isiyotobolewa. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, usikubali kabisa iuzwe kwa gramu. Hiyo itafutie mtaalamu wa sarafu, naye athibitishe kwanza kuwa si ya kughushi, maana za kughushi zipo.

Usizing'arishe sarafu. Kuisugua kwa dawa ya meno au majivu kunaifuta thamani yake kwa mkusanyaji.

Kingine ni vitu vilivyookotwa ardhini au ufukweni karibu na magofu, kama ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Hivyo si skrepa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuviuza kiholela ni kosa. Viripoti kwa ofisi ya mambo ya kale. Kilichochimbwa kikauzwa kimepotea kwa wote, na historia ya Kilwa tunayoijua imesomwa kwa sehemu kutoka kwenye sarafu zilizookotwa hivyo hivyo.

Mwisho, tenga kile kinachoweza kuvaliwa bado. Mkufu mzima uliotulia, wenye nakshi nzuri, unaweza kununuliwa kama mkufu. Ufundi ukiyeyushwa hulipwi.

## Hatua ya 2: Osha, kausha, kagua mizani

Loweka vitu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa robo saa, piga mswaki taratibu, suuza, kausha kwa kitambaa na uviache mpaka vikauke kabisa. Uchafu uliojaa kwenye pingili za mkufu una uzito, nao utakudanganya wewe kwanza. Usioshee kwenye karo lililo wazi. Tumia beseni.

Kisha kagua mizani. Weka kikombe kikavu, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, halafu mimina mililita 10 za maji kwa sirinji. Mizani isome gramu 10, ikipishana kidogo tu kwa sababu ya matone. Ikisoma 9.3 au 10.8, ibadilishe kabla hujaenda mbele. Ipime mezani pasipo na feni, maana upepo unaitikisa.

## Hatua ya 3: Soma mihuri

Chukua lenzi na mwanga wa kutosha. Pete ina muhuri upande wa ndani, mkufu una muhuri kwenye kifungo au kwenye kibati kidogo kilicho jirani nacho, hereni kwenye kijiti chake. Namba utakazokutana nazo zinaeleza sehemu za dhahabu katika kila sehemu 1000. Karati nayo ni kipimo cha usafi huo huo, ambapo 24 ni dhahabu safi:

- 916 ni karati 22
- 875 ni karati 21
- 750 ni karati 18
- 585 ni karati 14
- 375 ni karati 9

Ukiona 925 au 800, hiyo ni fedha. Ukiona herufi GP, GF, RGP au HGE baada ya namba, hicho kimepakwa dhahabu juu tu. EPNS ni madini meupe yaliyochovywa kwenye fedha, na mara nyingi imo kwenye vijiko na sinia za zamani.

Muhuri ni ushahidi wa kwanza, lakini usiuamini peke yake. Kuna unaogongwa kwenye shaba tupu. Kuna pia kifungo chenye muhuri wa kweli kilichounganishwa na mkufu wa daraja lingine baada ya ule wa awali kukatika, na hili linatokea sana kwa mikufu iliyopita kwa mafundi wengi.

## Hatua ya 4: Sumaku, kisha maji

Sumaku ni ya kuondoa bandia za wazi. Dhahabu na fedha hazivutwi. Kikivutwa chote, kiweke pembeni. Kikivutwa kifungo tu, usihofu: ndani yake kuna springi ya chuma. Lakini kutovutwa si cheti, kwa sababu shaba nayo haivutwi.

Kipimo cha maji ndicho chenye kusema kweli, na watu wengi hawakijui. Kinafanya kazi kwa sababu dhahabu ni nzito mno kwa ujazo wake.

Pima kitu kikiwa kikavu, andika uzito. Weka kikombe chenye maji nusu juu ya mizani na urudishe sifuri. Mizani nyingi za mfukoni mwisho wake ni gramu 200, kwa hiyo kikombe kiwe kidogo. Funga kitu kwa uzi, kizamishe chote huku uzi ukiwa mkononi mwako, kisiguse chini wala pembeni. Tikisa kidogo mapovu ya hewa yatoke. Namba itakayotokea kwenye mizani ndiyo ujazo wa kitu hicho. Sasa gawa uzito mkavu kwa namba hiyo.

Tuchukue bangili ya gramu 20.60. Ukiizamisha, mizani inasoma 1.17. Gawa: 17.6. Hiyo ni karati 22, ambayo kwa kawaida huangukia kati ya 17.5 na 18. Karati 18 huwa kati ya 15 na 16, karati 14 karibu na 13, karati 9 karibu na 11. Fedha ya 925 ni kama 10.3. Bangili hiyo hiyo ingekuwa ya shaba ya njano, mizani ingesoma karibu 2.42 na jibu lingekuwa 8.5.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kitu chenye uwazi ndani kinabeba hewa, chenye mawe kinachanganya hesabu, na kitu chepesi hakipimiki vizuri. Hereni ya gramu 3 ikisoma 0.17 inakupa 17.6, ikisoma 0.18 inakupa 16.7. Tofauti ya namba moja ya mwisho imekuhamisha daraja. Kwa vitu vya chini ya gramu 5, tegemea muhuri na mashine ya mnunuzi.

Usijaribu kwa asidi nyumbani. Masonara hutumia asidi ya nitriki kwenye jiwe la majaribio, nayo inaunguza ngozi na mapafu. Watoto wapo, na hakuna unachokipata ambacho maji hayakupi bure.

## Hatua ya 5: Tenga kwa daraja, pima, andika

Kila karati na fuko lake. Juu ya fuko andika karati, uzito na tarehe. Piga picha kila fuko likiwa juu ya mizani, namba ikionekana.

Mawe yang'olewe kabla ya kupima, na yabaki kuwa yako. Kama ni vigumu kuyang'oa, mwambie fundi ayatoe mbele yako. Mnunuzi wa dhahabu halipi gramu za jiwe, na wapo wanaokata uzito wa jiwe kisha wanabaki nalo. Waya, springi na pini za chuma nazo zitoe.

Usiyeyushe vitu wewe mwenyewe wala kwa fundi wa mtaani ili "viwe kitu kimoja". Ukiyeyusha unapoteza mihuri, unachanganya madaraja uliyohangaika kuyatenga, na kinachobaki mkononi ni kitonge cha dhahabu kisichotofautiana kwa macho na dhahabu ya mgodini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inakataza mtu kuwa na madini au kuyafanyia biashara bila idhini. Ukisimamishwa kwenye basi na kitonge kisicho na karatasi, utakuwa na kazi kubwa ya kueleza. Mkufu uliokatika unajieleza wenyewe.

## Hatua ya 6: Piga hesabu yako

Tafuta bei ya dunia ya siku hiyo kwenye simu. Hutajwa kwa dola kwa aunsi moja, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawa kwa 31.1, zidisha kwa bei ya dola, unapata shilingi kwa gramu moja ya dhahabu safi.

Kwa kujifunza tu, tuseme aunsi ni dola 3,110 na dola ni shilingi 2,500. Gramu moja safi ni dola 100, yaani shilingi 250,000. Siku yako ya kuuza weka namba za siku hiyo.

Una mkufu wa karati 22 wenye gramu 12.4, pete za karati 18 zenye gramu 6.0 na hereni za karati 9 zenye gramu 3.0. Zidisha kila kimoja:

- 12.4 × 0.916 = 11.36
- 6.0 × 0.750 = 4.50
- 3.0 × 0.375 = 1.13

Jumla ni karibu gramu 16.98 za dhahabu safi, sawa na kama shilingi 4,245,000.

Sasa tazama kinachotokea ukivipeleka kwenye kitambaa kimoja na ukaambiwa, "Mama, hii ni kumi na nne tu." Gramu 21.4 mara 0.585 ni 12.52, kama shilingi 3,130,000. Zaidi ya milioni moja imeondoka kwa sentensi moja, na hata hujaanza kukatwa faida ya mnunuzi.

Hakuna atakayekulipa asilimia 100, wala usimwone mwizi anayekulipa pungufu. Ana mafuta, ana kodi, ana upotevu wa kuyeyusha. Jambo la kufanya ni kugeuza kila bei unayotajiwa iwe asilimia. Ukipewa 3,400,000, gawa kwa 4,245,000: ni asilimia 80. Ukishakuwa na asilimia, unaweza kulinganisha wanunuzi watatu bila kubabaishwa na maneno.

## Hatua ya 7: Chagua pa kuuzia

Kwa gramu chache, chini ya 20 hivi, maoni yangu ni kwamba uza kwa sonara wa Mtwara au Lindi baada ya kupata bei za watatu. Nauli, malazi na gharama za kupima zitakula tofauti yote.

Kukiwa na mzigo mkubwa zaidi, au mkikusanyika ndugu na majirani mnaoaminiana, ndipo safari inalipa. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, na huko wapo wanunuzi wakubwa zaidi. Viwanda vyenyewe vya kusafisha viko mbali: kile cha Mwanza ambacho STAMICO, shirika la madini la taifa, ni mbia wake, kilichozinduliwa mwaka 2021, na kile cha Geita. Vyote vililenga hasa dhahabu ya migodini. Wanunuzi wa Ruangwa nao, wanaohudumia wachimbaji wa Namungo, wamezoea dhahabu ghafi. Kwa hiyo piga simu kabla ya kukata tiketi, uulize: mnapokea vito chakavu? Uzito wa chini kabisa ni gramu ngapi? Mnakata gharama gani, na mnalipa asilimia ngapi ya dhahabu safi? Mnalipa lini? Nikikataa majibu ya kipimo, narudishiwa dhahabu yangu?

Swali hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Asiyekujibu wazi, mwache.

Kuhusu vibali, ofisi ya Tume ya Madini iliyoko Mtwara itakueleza ni nani mwenye leseni na ni karatasi gani unahitaji kusafiri nazo. Swali halilipiwi.

Na usiuze siku ile ile unayohitaji pesa. Januari, ada za shule zinapobana, kila muuzaji anaonekana usoni kuwa ana haraka. Anza kuuliza bei Novemba, mikononi kukiwa na pesa za korosho.

## Hatua ya 8: Siku ya kuuza

Toa fuko moja moja. La karati 22 likimalizika kupimwa na kuandikwa, ndipo utoe la 18. Usimwage yote mezani.

Tazama mizani ya mnunuzi: iwe na stika ya Wakala wa Vipimo, isome sifuri kabla ya kuwekwa kitu, na isome kwa gramu. Baadhi hupima kwa tola, ambayo ni gramu 11.66. Si vibaya, ila hakikisha uzito na bei viko kwenye kipimo kimoja. Uzito ukipishana na daftari lako kwa gramu 0.02 au 0.03, endelea. Ukipishana kwa nusu gramu, omba vipimwe upya, na mizani yako iwe mezani.

"Fundi, naomba tupime na hii yangu, tuone zinasemaje." Sema kwa utulivu. Sonara mwaminifu hakasiriki.

Mashine ya miale inayosoma madini kwa sekunde chache inaona tabaka la juu tu. Kitu kilichopakwa dhahabu nene kinaweza kuidanganya, na lehemu kwenye kiungo inaweza kukupunja wewe. Omba isomwe sehemu mbili au tatu, mbali na viungo, na sehemu moja iwe imekwaruzwa kidogo.

Kwa mzigo mkubwa mnunuzi atataka kuyeyusha, na hiyo ni sawa, kwa sababu dhahabu ikiyeyuka na kukorogeka vizuri, sampuli moja inawakilisha kitonge chote. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064. Simama hapo hapo mpaka kitonge kipoe na kipimwe. Usitoke kupokea simu. Kagua na kyungu: punje zilizoganda ukutani ni zako.

Utoke na namba tatu zilizoandikwa: uzito kabla ya kuyeyusha, uzito baada, na usafi. Kwa mfano wetu, kama vyote vimeyeyushwa pamoja mwishoni, kabla ni 21.4, baada ni 21.1, usafi asilimia 80.1. Zidisha 21.1 kwa 0.801: gramu 16.90. Hesabu yako ilikuwa 16.98. Hapo umefanikiwa, kwa kuwa kupungua kidogo kunatokana na lehemu na uchafu. Likija jibu la 15 na kitu, usisaini. Omba kipimo cha tanuri, kile cha maabara kinachotenganisha dhahabu kwa moto na madini ya risasi, au chukua kitonge chako pamoja na karatasi ya uzito, inayoonyesha kimetoka wapi.

## Hatua ya 9: Malipo

Pesa iingie benki au kwenye simu, uione kwenye salio lako, ndipo dhahabu ibaki. Habari ya "nusu leo, nusu Ijumaa" ikatae hata kama mnunuzi ni mtu wa mtaani kwenu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye uzito, usafi na kiasi. Kama umepokea taslimu, msiwe peke yenu, na nenda moja kwa moja benki.

## Fedha, simu mbovu na masega ya ekzosi

Fedha inafuata hatua zile zile, ila bei yake kwa gramu ni sehemu ndogo sana ya ile ya dhahabu. Vikuku na vijiko vya 925 vikusanye mpaka vifike kilo kadhaa kabla ya kufikiria safari.

Simu moja ina dhahabu ya kama gramu 0.03, iliyotawanyika kwenye ubao. Kuichoma au kuitia asidi uani kunakupa moshi wenye sumu, maji yanayoua kisima, na dhahabu isiyofika thamani ya chupa ya asidi. Uza mbao hizo kwa kilo, bila kuzivunja, kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira.

Masega ya ekzosi, yale ya kusafishia moshi wa gari, yana madini ya platinamu, paladi na rodi, na ndiyo maana wapita njia wanayaulizia gereji. Yauze yakiwa ndani ya kasha lake na namba zake zikisomeka, kwa sababu bei inafuata aina ya gari. Ukilipasua kasha, unga unaomwagika ndio wenye madini, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya fundi.